Kiyoyozi katika Chumba cha Kontena: Njia za Kuzuia Maji Yasiingie Ndani

(Mada iliyoandaliwa kwa wakazi, wafanyabiashara na mafundi wa Kata ya Ruhuwiko, Manispaa ya Songea)



Mtu atajaye kiyoyozi mbele ya wenyeji wa Songea hujitafutia kicheko, na kicheko hicho kina sababu. Mji huu umekaa zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Matogoro, na miezi ya Juni na Julai wakazi wake hulala ndani ya mablanketi mawili. Lakini atakayeingia saa nane mchana, mwezi Oktoba, ndani ya kontena la chuma lililowekwa juani kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege, hatacheka tena. Chuma hupokea jua kutwa nzima na kulishusha ndani kama sufuria iliyofunikwa. Hapo ndipo wenye maduka, ofisi za muda, saluni na vyumba vya kulala vya wafanyakazi wa ujenzi wanapoanza kuulizia bei ya kiyoyozi, na hapo pia ndipo shida ya maji inapoanza.

Kontena halikukusudiwa kuwa nyumba. Safari ya kwanza ya meli iliyobeba makontena ya mfumo wa Malcom McLean ilifanyika Marekani mwaka 1956, na nia yake ilikuwa kusafirisha mizigo, si kumhifadhi binadamu. Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa karibu meta 5.9 na upana wa meta 2.35, na ukuta wake ni bati nene lenye mikunjo, lisilofikia hata unene wa kidole kidogo. Huko huko Marekani zimo nyumba za kuhamishika zinazovutwa kwa magurudumu, ambazo kuta zake, hasa za zile zilizojengwa kabla ya kanuni za mwaka 1976, husimama juu ya vijiti vyembamba vya mbao. Nyumba hizo na makontena ya Ruhuwiko vinafanana katika udhaifu mmoja. Ukuta wa tofali hulibeba tundu lolote na kunywa maji kidogo bila kulalamika. Ukuta mwembamba haubebi uzito, na tone likishapenya halina pa kukauka.

Achukuliwe kwa mfano fundi cherehani aliyenunua kontena kwa fedha za kikundi cha kukopeshana, akalitandika paneli za sponji ndani, akaweka vyerehani vitatu na pasi. Mwezi Oktoba joto linamshinda. Anatafuta kiyoyozi cha dirishani kilichokwisha kutumika, fundi anakata tundu, mashine inawashwa, hewa inakuwa ya baridi, na malipo yanafanyika siku hiyo hiyo. Novemba yote hakuna tone. Januari inapofika, meza yake imejaa sare za wanafunzi wanaotakiwa shuleni Jumatatu, na asubuhi moja anakuta mashati meupe yana michirizi ya kutu, na sakafu ya mbao imevimba chini ya mashine. Fundi aliyefunga anaapa kwamba aliiacha ikiwa kavu, na kwa kweli aliiacha ikiwa kavu.

Ili kuelewa kwa nini wote wawili wanasema kweli, yafaa kujua kwanza maji yanatoka wapi. Willis Carrier alipobuni mtambo wake mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji cha Brooklyn, shida aliyotakiwa kuiondoa ilikuwa unyevu uliokuwa ukikunja karatasi. Joto lilikuja baadaye. Hadi leo kiyoyozi ni mashine ya kukamua maji kutoka hewani. Hewa ya chumba hupita katika koili baridi, mvuke uliomo hugeuka matone kama yale yanayoonekana nje ya chupa ya soda iliyotoka kwenye jokofu, na matone hayo hudondoka katika sinia lililo chini ya mashine. Oktoba hewa ya Songea ni kavu, hivyo mashine hukamua kidogo sana, na hata ikiwa imefungwa vibaya hakuna atakayejua. Mvua zikishashika, kati ya Desemba na Aprili, hewa hujaa mvuke, na mashine ndogo huweza kukaribia kutoa lita moja kwa saa. Wakati huo huo mvua yenyewe inapiga ukuta kutoka nje na kutafuta tundu. Kasoro iliyozaliwa Oktoba huja kuonekana Januari.

Kabla ya kukata chochote, mwenye kontena anashauriwa kulipa kivuli kwanza. Paa la mabati juu ya kenchi za mbao, lililoinuliwa juu ya paa la kontena kwa nafasi ya mkono mmoja hivi ili hewa ipite katikati, huondoa sehemu kubwa ya joto bila kutumia hata yuniti moja ya umeme. Paa hilo likitokeza nje ya ukuta kwa zaidi ya nusu meta, litakuwa pia mwavuli wa kiyoyozi kitakachofuata. Wengi wakishafika hapo, wakaongeza madirisha mawili yanayotazamana na feni moja, huona kwamba hawahitaji mashine tena. Ushauri huu hauwafurahishi wauza viyoyozi, lakini hali ya hewa ya Songea inauunga mkono.

Kwa anayeendelea kukihitaji, ukubwa wa mashine una uhusiano na maji kuliko inavyodhaniwa. Chumba cha kontena la futi 20 hakifiki meta 14 za mraba. Kikiwa na kivuli na paneli, mashine ya BTU 9,000 inakitosha. Anayenunua ya BTU 18,000 kwa kuamini kwamba kubwa ni bora, hupata chumba kinachopoa kwa dakika chache, kompresa ikazima kabla haijakamua unyevu, na kuta zikabaki na ubaridi wa kunata.

Sasa kazi ya kukata. Mikunjo ya ukuta wa kontena si mapambo. Ndiyo inayoupa ukuta nguvu, na kila mkunjo unaokatwa ni nguvu iliyoondolewa. Nguzo za pembeni na mihimili ya juu na ya chini haiguswi kabisa. Tundu hukatwa katikati ya ukuta, upande ambao mvua ya upepo haiupigi sana (na mwenye eneo anaujua kuliko fundi), kisha fremu ya chuma cha pembe au cha bomba la mraba huchomelewa kulizunguka ili ibebe kazi iliyokuwa ikifanywa na mikunjo. Kabla cheche ya kwanza haijaruka, paneli za sponji za upande huo zitolewe zote, wala si kusogezwa kidogo. Sponji ya aina hiyo hushika moto upesi na moshi wake ni sumu; kontena lenye mlango mmoja si mahali pa kujifunzia jambo hilo. Ndoo za mchanga na kizimamoto viwe karibu, na mtu mmoja asimame nje akitazama upande wa pili wa chuma.

Makali yote ya tundu hupigwa tupa, hupakwa rangi ya kuzuia kutu mara mbili, na huachwa yakauke kabla ya kitu kingine chochote. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa kuwa mteja anasubiri na rangi haina haraka. Chuma kilichokatwa na kuachwa uchi huanza kutoa kutu ndani ya msimu mmoja, kutu hiyo husukuma silikoni itoke mahali pake, na mfereji mwembamba huzaliwa nyuma yake mahali ambapo jicho halifiki. Mashati ya fundi cherehani aliyetajwa yalichafuliwa na maji yaliyopitia hapo.

Kiyoyozi cha dirishani huwa na uzito wa kilo 20 hadi 40, na hutikisika kila kompresa inapowaka. Uzito huo haupaswi kuning'inia katika bati wala katika paneli. Hubebwa na mabano mawili ya chuma yaliyoshikizwa katika fremu kwa bolti, au na miguu inayoshuka hadi mhimili wa chini wa kontena. Juu ya mabano hukaa boksi la bati linalopita ukutani, na mashine huteleza ndani ya boksi hilo. Matundu ya hewa yaliyo ubavuni mwa mashine lazima yabaki nje ya ukuta yakiwa wazi. Yakizibwa na paneli au na boksi lililotengenezwa refu mno, joto halitoki, na mashine huungua taratibu.

Baada ya hapo huja suala la mteremko. Mashine haikai sawa kama kabati. Huinama kuelekea nje kwa kiasi kidogo, kati ya nusu sentimeta na zaidi kidogo ya sentimeta moja kwa mashine nyingi, kulingana na kijitabu chake, maana zipo ambazo sinia lake limekwisha kutengenezwa na mteremko na hazihitaji kuinamishwa. Kushoto na kulia ziwe sawa kabisa. Zipo pia mashine ambazo feni yake ya nje ina pete inayochota maji ya sinia na kuyarushia koili ya moto ili kuipoza. Mwenye mashine ya namna hiyo husikia mlio wa maji yakirushwa na kudhani kuna ubovu, kisha fundi asiye mvumilivu hutoboa sinia ili kuyatoa. Kutoboa sinia bila kujua koili imepita wapi kumewagharimu watu gesi yote ya mashine. Kama mtengenezaji ameacha tundu lenye kizibo, hilo ndilo la kufunguliwa.

Pima maji akiwekwa juu ya mashine siku ya kufunga, kazi huhesabiwa imekwisha. Kwa nyumba ya tofali, sawa. Kontena, hata hivyo, hukaa juu ya matofali au vipande vya magogo vilivyolazwa juu ya udongo, na udongo huo ukilowa kwa mvua za kwanza hubonyea, mara nyingi upande mmoja kuliko mwingine. Kontena zima likiinama kuelekea ndani kuliko mashine ilivyoinamishwa nje, mteremko wa mashine unageuka, na maji yaliyokuwa yakienda nje yanarudi chumbani bila mtu kugusa kitu. Ndiyo maana fundi mwangalifu huweka pima maji kwanza sakafuni mwa kontena, humwambia mteja aweke msingi wa zege chini ya pembe nne, na hurudi kupima tena baada ya mvua kubwa ya pili au ya tatu. Ziara hiyo ya kurudi ikubaliwe kabisa katika malipo, la sivyo haitatokea.

Kuziba mianya kunahitaji akili kuliko silikoni. Juu ya boksi, upande wa nje, huwekwa kofia ya bati iliyokunjwa ili maji yanayoteremka ukutani yarukie mbele na kuanguka mbali na mwanya. Kama ukuta una ngozi mbili, ukingo wa juu wa kofia huingizwa chini ya ngozi ya nje, kama bati la juu linavyolipanda la chini katika paa. Penye mikunjo ya kontena, nafasi zinazobaki kati ya kofia na ukuta huzibwa kwa vipande vya bati vilivyokatwa kufuata mkunjo, si kwa kujaza silikoni ya unene wa kiganja. Kisha silikoni ya nje, isiyooza kwa jua, hupitishwa juu na ubavuni. Upande wa chini huachwa bila kuzibwa kwa silikoni. Hapa mafundi wengi hushangaa, kwa kuwa desturi ni kuzunguka pande zote nne. Lakini tone litakaloponyoka kofia lazima lipate mlango wa kutokea, na mlango huo ni chini. Anayeziba chini hutengeneza bwawa dogo ndani ya ukuta. Mwanya huo wa chini hukingwa kwa wavu mwembamba, maana mbu hawahitaji nafasi kubwa, na Ruvuma si mkoa wa kufanyia mzaha malaria. Kwa sababu hiyo hiyo, maji yanayodondoka nje yasikusanywe katika ndoo inayosahauliwa kwa wiki nzima. Yaelekezwe katika kokoto, mtaroni au kwenye mche wa mgomba.

Wenye uwezo wa kununua kiyoyozi cha vipande viwili, kimoja ndani na kingine nje, huepuka tundu kubwa, kwa kuwa bomba zake hupita katika tundu la ukubwa wa glasi ya maji. Tundu hilo hutobolewa likishuka kuelekea nje. Bomba la kutolea maji lishuke mfululizo bila kupanda wala kujikunja popote, na ncha yake isizame katika maji au tope. Ikizama, hewa hukosa njia, maji husimama na kurudi ukutani. Kisehemu cha ndani hakishikizwi kwenye sponji peke yake. Hushikizwa kwa bolti zinazofika kwenye chuma au kwenye ubao uliofungwa nyuma ya paneli.

Umeme unastahili neno kali zaidi. Tangu Songea ilipounganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, watu wamejipa moyo wa kununua vifaa vikubwa ambavyo enzi za majenereta hawakuvifikiria. Kiyoyozi kipewe waya wake na saketi breka yake kutoka kwenye ubao wa umeme, wala kisiunganishwe na waya wa kurefusha uliopita chini ya zulia. Kontena ni chuma ukutani na darini. Waya uliochubuka ukigusa fremu, chumba kizima hubeba umeme, na mwenye kushika kitasa akiwa amesimama kwenye udongo uliolowa ndiye anayekamilisha njia. Kwa hiyo kontena lenyewe, si mashine tu, liunganishwe na fimbo ya ardhini, na kifaa cha kukata umeme unaovuja kifungwe. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Waya unaoingia katika mashine ushushwe kwanza chini ya soketi kisha upande, ili tone linaloufuata lianguke kwenye mkunjo badala ya kuingia soketini.

Kuhusu gharama, mashine ya BTU 9,000 hutumia takribani kilowati moja kompresa inapofanya kazi. Kwa saa sita kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hata kompresa ikipumzika nusu ya muda huo, ni yuniti 78. Mwenye nyumba aliye katika kundi la D1, lenye ukomo wa yuniti 75 kwa mwezi, atakuwa ameuvuka ukomo huo kwa kiyoyozi peke yake, kabla ya kuwasha taa.

Yapo pia maji ambayo kiyoyozi husingiziwa. Usiku wa Julai, watu wawili wakilala ndani ya kontena lililofungwa kabisa, pumzi zao hupanda, hukutana na dari ya chuma iliyopoa kwa baridi ya Matogoro, na kufikia alfajiri dari inadondosha matone juu ya godoro. Fundi huitwa aje aongeze silikoni kwenye mashine ambayo haijawashwa tangu Mei. Dawa ya jasho hilo ni tundu la hewa karibu na dari, lenye wavu, na sponji iliyogandishwa katika chuma bila kuacha nafasi nyuma yake.

Chujio likijaa vumbi jekundu la barabarani, hewa hushindwa kupita, koili huganda barafu, na mashine ikizimwa barafu yote huyeyuka kwa pamoja na kufurika ndani. Chujio lioshwe kila baada ya wiki mbili wakati wa vumbi. Njia ya kutolea maji nayo ikaguliwe, kwa kuwa nyigu hupenda kujenga humo mashine inapopumzika.

Jaribio hufanywa kabla ya malipo ya mwisho, na ni vema lifanyike kabla ya Novemba kuisha. Kwanza lita moja ya maji humiminwa polepole katika sinia, na wote wawili, fundi na mteja, hutazama yanatokea wapi. Kisha mmoja hubaki ndani na tochi, paneli za pembeni zikiwa bado hazijarudishwa, na mwingine hupiga maji ya mpira kutoka nje, akianzia chini ya boksi kwa dakika kadhaa, kisha ubavuni, kisha juu, mwisho kwenye kofia. Akianza juu, maji yatateremka kote na haitajulikana mwanya uko wapi. Fundi cherehani angeomba jaribio hilo Oktoba, lingemgharimu ndoo tatu za maji na nusu saa.

Kontena likihamishwa, mashine ya dirishani hutolewa kwanza na tundu hufunikwa kwa bamba lenye bolti. Ile ya vipande viwili hukusanyiwa gesi yake katika kisehemu cha nje na fundi wa majokofu kabla bomba halijafunguliwa. Gesi haiachiwi hewani. Kontena likishatua mahali papya, pima maji huwekwa kwanza sakafuni, kisha juu ya mashine, na lita ile moja ya maji humiminwa upya katika sinia.